Kukodi au kununua kontena? Zitazame pembe zake kwanza

Paa la kontena la mizigo hujaribiwa kiwandani kwa kilo 300, zikiwekwa juu ya eneo la sentimita 60 kwa 30. Likistahimili hapo, limefaulu. Sasa soma kibao cha chuma kilichopigiliwa mlangoni mwa kontena hilohilo, kwenye mstari wa uzito unaoruhusiwa kurundikwa juu yake. Kwenye makontena mengi utakuta kilo 192,000, sawa na makontena mengine manane yenye tani 24 kila moja. Paa linaogopa tani moja, na bado sanduku zima linabeba tani 192, kwa sababu mzigo wa juu hauligusi paa hata kidogo. Unashuka kwenye nguzo nne za kwenye pembe.

Jambo hili halijulikani mitaani kwetu, na linaharibu mali nyingi. Mtu ananunua kontena la duka, halafu anapandisha katikati ya paa tenki la plastiki la lita 1,000. Maji hayo peke yake ni tani moja. Bati linabonyea, mvua inatuama kwenye bonde hilo, kutu inaanza, na baada ya misimu kadhaa mwenye duka analalamika kwamba ameuziwa kontena bovu. Kontena halikuwa bovu. Tenki lilipaswa kukaa juu ya vyuma viwili vilivyolazwa toka pembe hadi pembe.

Kila kontena lina pembe nane, nne juu na nne chini, na kila pembe ina bonge la chuma kizito lenye matundu marefu ya mviringo. Melini, bandarini na juu ya lori, kufuli lenye kichwa kirefu linaingia kwenye tundu, linazungushwa robo mzunguko, na kichwa kinakaa kimekingama ili kisitoke. Winchi ya bandari nayo inashika matundu ya juu kwa njia hiyohiyo. Aliyebuni mpango huu ni mhandisi Mmarekani Keith Tantlinger, akimfanyia kazi Malcom McLean, mwenye malori ambaye tarehe 26 Aprili 1956 alisafirisha masanduku 58 kwa meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Baadaye McLean alikubali hataza za pembe hizo zitumike bila malipo, na ndiyo sababu winchi ya Mombasa inaweza kunyanyua sanduku lililotengenezwa China, mali ya kampuni ya Ulaya, bila kubadili kifaa chochote. Kwangu mimi uamuzi huo una uzito kuliko safari yenyewe. Pembe hizo zingebaki mali ya kampuni moja, kila bandari ingekuwa na masanduku yake.

Kuta ni habari nyingine. Bati lake lina unene wa milimita mbili au chini ya hapo, na ugumu wake unatokana na mikunjo. Hazibebi mzigo wa juu, ila zinazuia fremu isilale upande. Fundi akikata ukuta mzima kutengeneza dirisha la duka bila kuchomelea fremu mpya kuzunguka tundu, kontena linapinda polepole, na dalili ya kwanza huonekana kwenye milango: makomeo hayaingii tena mahali pake. Kulifukia ardhini ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa udongo unasukuma bati toka pembeni, mahali ambapo hakuna nguzo.

Hapo swali la kukodi au kununua linaanza kujijibu. Kontena la kukodi halikatwi, halitobolewi, halichomelewi rafu. Unalirudisha kama ulivyolikuta, au dhamana yako inaliwa. Ukishajua kwamba utalikata, nunua, na nunua lililostaafu bahari. Kontena hufanya kazi ya meli kwa miaka kama 12 hadi 15, kisha huuzwa, na lililotunzwa linaweza kukaa nchi kavu miaka mingine mingi. Naumia kila ninapoona sanduku jipya kabisa, lenye uwezo wa kuvuka bahari kwa muongo mzima, linakatwa madirisha ili liwe kibanda, wakati yaliyochoka yamejaa kwenye yadi yakiota nyasi.

Wenye meli wenyewe hawajamaliza mjadala huu. Takriban nusu ya makontena ya dunia si mali ya kampuni za meli, ni ya kampuni zinazoishi kwa kuyakodisha. Sababu ni kwamba biashara haina mizani. Dar es Salaam na Mombasa hupokea makontena mengi yaliyojaa kuliko yanayopakiwa bidhaa za kwenda nje, hivyo mengi huondoka matupu. Kwa mwenye sanduku, kontena lililoachwa mahali pasipo na mzigo wa kurudi ni hasara, na hasara hiyo humfikia mwagizaji kwa jina la dhamana na tozo za kila siku zinazoanza kuhesabiwa muda wa bure ukiisha.

Mfanyabiashara wa Lubumbashi, Kigali au Bujumbura anaijua hesabu hii vizuri kuliko mwalimu yeyote. Lori likikwama mpakani, tozo inatembea. Kontena tupu lazima lirudi pwani, kwa gharama yake. Ndiyo maana wapo wanaonunua sanduku kuukuu kule mzigo unakotoka, wanapakia mali zao, na likifika linabaki huko likiwa stoo au linauzwa. Kwa safari ya bara isiyo na mzigo wa kurudi, nawaunga mkono, mradi kibao cha usalama, kilekile cha mlangoni, kiwe hai. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa makontena wa mwaka 1972 unataka kontena likaguliwe ndani ya miaka mitano tangu kutengenezwa, kisha kila miezi 30, isipokuwa mwenyewe awe na mpango ulioidhinishwa wa ukaguzi endelevu. Lisilo na uthibitisho huo linaweza kukataliwa melini, hata liwe linang'aa rangi.

Kwa asiyesafirisha, anayetaka stoo tu, wengi hukosea hesabu. Tuchukue mfano: kontena linauzwa shilingi milioni 6, na kodi ni laki 3 kwa mwezi. Mtu anagawanya, anapata miezi 20, anasema kazi yake ni ya mwaka mmoja, basi atakodi. Amesahau kwamba kontena huuzika tena. Likiuzwa milioni 4 baada ya mwaka, kununua kumemgharimu milioni 2, wakati kodi ingekuwa milioni 3 na laki 6. Katika mfano huu mstari unavukwa kabla ya mwezi wa saba kwisha. Lori na winchi hulipiwa kwa vyovyote, ukikodi au ukinunua, kwa hiyo haviamui sana. Kinachoamua ni muda, bei ya kuliuza tena, na kama fedha yote unayo mkononi leo bila kuua mtaji. Kazi ya miezi mitatu ya ujenzi, kodi bila kusitasita.

Ukiamua kununua, nenda mchana. Ingia ndani, mwambie mtu akufungie milango, kaa gizani kidogo. Kila nukta ya mwanga utakayoona ni tundu la mvua. Kisha piga magoti utazame chini ya sakafu, kwenye vyuma vinavyokatiza, maana muuzaji hupaka rangi kuta na hasumbuki na huko. Chuma cha kontena kimechanganywa na shaba na kromiamu kidogo ili kutu ya juu izuie kutu ya ndani, lakini hewa ya chumvi ya pwani huishinda kinga hiyo, kwa hiyo usimwamini anayekuambia kutu ya kontena haina madhara. Sakafu ya mbao mara nyingi imetiwa dawa ya wadudu, na kibaoni huandikwa dawa gani. Anayetaka kulala humo au kuhifadhi chakula aifunike au aing'oe.

Halafu karatasi. Makontena huingia nchini kama vifaa vya muda, vya kurudi nje. Likiuzwa hapa, forodha inataka haki yake. Muuzaji asiye na nyaraka za forodha anakuuzia kontena pamoja na kesi.

Ukilifikisha kiwanjani, liwekee zege au matofali chini ya pembe nne, hewa ipite chini. Hilo linatosha, kwa sababu ileile ya nguzo. Matumizi yapo tele: stoo ya mbolea, ofisi ya mradi, kibanda cha miamala ya simu, duka la vipuri, chumba cha jenereta, zahanati ya muda, kituo cha polisi, choo cha stendi.

Wenye yadi, tenganisheni yanayofaa bahari na yaliyostaafu, na muandike wazi lipi ni lipi kabla ya kuuza. Na wewe mnunuzi, ukitaka la duka, omba lililostaafu lenye pembe nzima na sakafu ngumu, na uliache lenye kibao hai liendelee na safari zake.