Kitendawili darajani Rusumo

MIMI ni mtunzi wa hadithi za Kiswahili, lakini binti yangu wa miaka saba alikuwa hazielewi. Nilizaliwa Karagwe, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa mwaka 1959. Tulirejea Rwanda mwaka 1994. Yeye kazaliwa huku, na lugha yake ni Kinyarwanda.

Jumamosi moja tulikaa karibu na daraja la mto Kagera tukimsubiri mama yake, aliyevuka kufuata mchele Tanzania. Nikatoa daftari, nikaanza kuandika. Mtoto akanivuta shati.

"Sakwe sakwe!"

"Soma!" nikamjibu, kama ilivyo desturi ya kutegeana vitendawili Rwanda.

Badala ya kutega, akalitazama daftari. Kwa Kinyarwanda pia "soma" ni kusoma. "Basi na wewe soma, baba."

Nikasoma polepole. Nilipofika kwenye "nyama" akacheka: "Inyama!" Tukapata na "mwana", ambaye kwao ni "umwana", na "nyoka", yaani "inzoka". Kila neno alilolitambua alilishangilia kama bao.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda, lakini nyumbani kwangu kiliingia siku ile, tukisubiri mzigo.

Mkewangu alipotokea na mfuko wa mchele kichwani, binti akamkimbilia: "Mama, kitendawili!"

Kwa uchovu wote ule, mama akajibu: "Tega!"

Wenzangu mliorudi, saa za kusubiri mpakani ni nyingi. Msiziache zipite kimya. Haba na haba hujaza kibaba.