Uchaguzi wa injekta za mafuta kwa injini ya turbo

Uchaguzi wa injekta za mafuta ni hatua mojawapo ya kuongeza nguvu za injini ya petroli yenye turbo. Injekta ni vali ndogo inayoendeshwa kwa umeme, nayo hunyunyiza petroli karibu na mlango wa silinda. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huiita pia nozeli. Turbo inapoongezewa shinikizo, hewa nyingi zaidi huingia katika silinda, na injekta zilizofungwa kiwandani huweza kushindwa kutoa petroli ya kutosha. Hapo huhitajika injekta kubwa zaidi.

Ukubwa wa injekta hautafutwi kwa kubahatisha. Hupatikana kwa hesabu inayoanza na nguvu zinazotarajiwa, aina ya mafuta na idadi ya silinda. Injekta ndogo mno huweza kuharibu injini kwa muda mfupi sana, na injekta kubwa mno hufanya gari liwe gumu kuendesha katika mwendo wa kawaida.

Mfano utakaotumika katika makala hii ni injini ya 2JZ-GTE ya gari la michezo la Toyota Supra A80, lililoanza kuuzwa mwaka 1993. Ni injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,997 na turbo mbili.

Injekta inavyofanya kazi

Ndani ya injekta mna koili ya waya, sindano na springi. Springi huibana sindano ili tundu la mafuta libaki limefungwa. Kompyuta ya injini ikipitisha umeme katika koili, sumaku hutokea na kuivuta sindano, kisha petroli hutoka kama ukungu. Umeme ukikatwa, springi huirudisha sindano mahali pake.

Kompyuta haipunguzi wala haiongezi ukubwa wa tundu. Hupanga tu muda ambao injekta hukaa wazi, nao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Ukubwa wa injekta hutajwa kwa sentimita za ujazo za mafuta inazotoa kwa dakika moja ikiwa wazi muda wote. Kipimo hicho kwa kawaida huchukuliwa chini ya shinikizo la bar 3.

Katika injini ya mapigo manne, kila silinda huhitaji mafuta mara moja kwa kila mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 6,800 kwa dakika, mizunguko miwili huchukua milisekunde 17.6 tu. Kama hesabu ya mafuta inadai injekta ikae wazi milisekunde 20, jambo hilo haliwezekani: injekta itabaki wazi mfululizo, na bado mafuta yatapungua. Kwa sababu hiyo wajenzi wengi wa injini huweka kikomo cha asilimia 80 hadi 85 ya muda uliopo. Sehemu inayobaki ni akiba ya siku ya joto kali, ya pampu iliyochoka au ya kosa dogo la hesabu.

Hatari ya mafuta kupungua

Petroli huungua kikamilifu katika uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Injini ya turbo inayofanya kazi kwa nguvu zote huhitaji mchanganyiko mzito zaidi, mara nyingi kati ya 11 na 12 kwa 1. Petroli ya ziada hupoza silinda inapogeuka kuwa mvuke, na hupunguza uwezekano wa injini kugonga.

Kugonga hutokea sehemu ya mchanganyiko inapolipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi. Mlipuko huo hupiga kichwa cha pistoni kama nyundo. Mchanganyiko ukiwa mwepesi wakati turbo inasukuma hewa nyingi, joto hupanda na kugonga huongezeka. Pistoni huweza kutoboka au kuvunjika kingo, na gasketi ya silinda kuungua. Uharibifu huo huweza kutokea katika sekunde chache, na dereva asiwe na ishara yoyote isipokuwa moshi na kupotea kwa nguvu.

Kukokotoa ukubwa

Hesabu huanza na matumizi ya mafuta kwa kila nguvu farasi. Injini ya petroli yenye turbo, ikifanya kazi kwa nguvu zote, hutumia takriban kilo 0.25 hadi 0.29 za petroli kwa kila nguvu farasi moja kwa saa. Katika mfano huu itatumika kilo 0.27. Lita moja ya petroli huchukuliwa kuwa na uzito wa kilo 0.74.

Tuseme mwenye Supra anataka nguvu farasi 500 kwenye injini:

1. Mafuta kwa saa: 500 × 0.27 = kilo 135.
2. Kwa lita: 135 ÷ 0.74 = lita 182 kwa saa.
3. Kwa dakika: 182 ÷ 60 = lita 3.04, yaani sentimita za ujazo 3,040.
4. Kwa kila injekta: 3,040 ÷ 6 = 507.
5. Kwa kikomo cha asilimia 85: 507 ÷ 0.85 = 596.

Kwa hiyo injekta ya 600 ndiyo ndogo kabisa inayoweza kufaa. Mjenzi mwangalifu huchagua iliyo juu kidogo, kwa mfano 650 au 750.

Hesabu hiyo huweza pia kurudishwa nyuma. Supra zilizouzwa Japani zilikuwa na injekta za 440, na zile za Marekani zilikuwa na injekta za 550. Kwa kikomo kilekile, injekta sita za 440 hutosha takriban nguvu farasi 370, na za 550 hutosha takriban 460. Nguvu rasmi za kiwandani zilikuwa 280 kwa Japani na 320 kwa Marekani. Kiwanda kiliacha akiba, lakini akiba hiyo ina mwisho.

Jambo moja hupotosha wengi hapa. Mashine ya kupimia nguvu za gari mara nyingi husoma nguvu zinazofika kwenye magurudumu, baada ya sehemu yake kupotea katika giaboksi na difu. Hesabu ya injekta hutumia nguvu za injini yenyewe, ambazo ni kubwa zaidi. Anayetaka 500 kwenye magurudumu akakokotoa injekta kwa 500 atakuwa amepungukiwa tangu mwanzo.

Aina ya mafuta

Mafuta ya E85, yaliyochanganywa na ethanoli kwa wingi, yana nishati ndogo kuliko petroli kwa kila lita, na huungua kikamilifu katika uwiano wa karibu 9.8 kwa 1. Injini huhitaji ujazo zaidi wa takriban asilimia 30 hadi 40. Injekta ya 596 katika mfano wa juu inakuwa takriban 800. E85 hupoza silinda vizuri na kuzuia kugonga, ndiyo maana hupendwa katika mashindano, lakini hudai injekta, pampu na mabomba yanayostahimili ethanoli.

Shinikizo la mafuta na pampu

Mafuta yanayopita katika tundu huongezeka kwa kipeuo cha pili cha shinikizo. Injekta ya 550 iliyopimwa kwa bar 3 ikiendeshwa kwa bar 4 hutoa takriban 635. Shinikizo limeongezeka kwa theluthi moja, lakini mafuta yameongezeka kwa asilimia 15 tu. Kupandisha shinikizo kwaweza kuziba pengo dogo, si pengo kubwa.

Shinikizo linalohesabiwa ni tofauti kati ya mafuta yaliyo ndani ya reli na hewa iliyo mbele ya injekta. Turbo ikisukuma hewa kwa bar 1.5, reli inapaswa kupanda kutoka bar 3 hadi 4.5 ili tofauti ibaki ileile. Kazi hiyo hufanywa na kidhibiti shinikizo kilichounganishwa kwa mpira mwembamba na mfereji wa hewa wa injini. Mpira huo ukichomoka au kupasuka, mafuta hupungua wakati yanapohitajika zaidi.

Pampu nayo hutoa mafuta kidogo kadiri shinikizo linavyopanda. Pampu iliyoandikwa lita 255 kwa saa haitoi kiasi hicho katika kila shinikizo, na hupungua tena umeme unaoifikia ukiwa dhaifu. Kwa mfano wa nguvu farasi 500, pampu lazima itoe zaidi ya lita 182 kwa saa katika bar 4.5, wala si katika bar 3. Injekta kubwa zinazolishwa na pampu ndogo hazina faida.

Ukinzani wa umeme

Injekta hugawanyika katika makundi mawili kwa ukinzani wa koili. Zenye ukinzani mkubwa huwa na takriban ohmu 11 hadi 16, na zenye ukinzani mdogo huwa na takriban ohmu 2 hadi 3. Kwa kanuni ya Ohm, voliti 12 katika koili ya ohmu 12 hupitisha ampea 1. Voliti hizohizo katika koili ya ohmu 2 hupitisha ampea 6. Kompyuta iliyotengenezwa kwa kundi la kwanza huweza kuungua ikifungiwa injekta za kundi la pili.

Supra A80 inaonyesha tatizo hilo vizuri: injekta za 440 za Japani zina ukinzani mkubwa, ilhali za 550 za Marekani zina ukinzani mdogo na hutumia boksi la vikinza ili kupunguza mkondo wa umeme. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Kenya, Tanzania na Uganda hutoka Japani, kwa hiyo maelekezo yaliyoandikwa kwa gari la Marekani hayafai kufuatwa kabla ya kupima koili kwa mita.

Kasoro za injekta kubwa mno

Injekta haifunguki papo hapo umeme unapofika. Huchelewa, mara nyingi kwa karibu milisekunde 1, na huchelewa zaidi voliti za betri zikishuka. Kompyuta huongeza muda huo juu ya muda halisi wa kutoa mafuta.

Tuchukue injini ya silinda sita inayotumia lita 1.2 kwa saa gari likiwa limesimama na injini ikizunguka mara 700 kwa dakika. Injekta ya 440 itatoa mafuta kwa takriban milisekunde 1.3 kila inapofunguka. Injekta ya 1,000 itahitaji milisekunde 0.57 tu. Kosa la milisekunde 0.1 katika ile ya kwanza ni chini ya asilimia 8, lakini katika ile ya pili ni zaidi ya asilimia 17. Matokeo yake ni injini kutetemeka, kuzima kwenye taa za barabarani, kunuka petroli na kula mafuta mengi. Petroli ya ziada huweza pia kuosha oili kwenye kuta za silinda na kuharakisha uchakavu.

Injekta za kisasa zilizotengenezwa vizuri hupunguza tatizo hilo kwa kuwa hufunguka kwa kawaida ileile kila mara. Mnunuzi anapaswa kupewa jedwali la muda wa kuchelewa kwa kila voliti na kwa kila shinikizo. Bila takwimu hizo, anayepanga kompyuta hulazimika kukisia.

Ulinganifu wa seti

Injekta zote za injini moja zinapaswa kutoa kiasi karibu sawa. Kihisi cha oksijeni kwa kawaida hukaa katika bomba la moshi mahali ambapo moshi wa silinda zote umekwisha kuchanganyika, hivyo husoma wastani. Tuseme injekta moja kati ya sita hutoa asilimia 12 pungufu kwa sababu ya uchafu au ubovu. Kihisi kikionyesha 11.5 kwa 1, silinda tano zitakuwa karibu 11.3 na ile moja itakuwa 12.8. Kipimo kinaonekana salama, na pistoni moja iko hatarini.

Kwa sababu hiyo injekta, hata zikiwa mpya, hupimwa kwenye mashine maalumu kabla ya kufungwa. Mashine huonyesha kiasi kinachotoka, umbo la ukungu na kama kuna inayovuja. Upimaji huo pia husaidia kugundua injekta bandia, ambazo kwa nje huweza kufanana kabisa na halisi.

Ufungaji na upangaji wa kompyuta

Kabla ya kununua huangaliwa pia urefu wa injekta, unene wake, aina ya plagi ya umeme na upande unaoingiza mafuta. Injekta nyingi hulishwa kwa juu, lakini baadhi ya injini, kama SR20DET ya Nissan Silvia, hutumia zinazolishwa kwa ubavuni. Pete za mpira hubadilishwa kila injekta zinapotolewa, na reli hukaguliwa kama inavuja kabla ya injini kuwashwa, kwa kuwa petroli inayodondoka juu ya ekzosi ya moto huweza kuunguza gari zima.

Injekta mpya hazifanyi kazi sawasawa na hesabu za kompyuta ya zamani. Kompyuta iliyopangwa kwa 440 ikifungiwa 750 itaendelea kuamini kwamba ni 440, na itatoa mafuta zaidi kwa asilimia 70. Ni lazima ipangwe upya, kisha gari lijaribiwe kwa shinikizo dogo la turbo kwanza huku uwiano wa hewa na mafuta ukifuatiliwa.

Maelezo haya yanahusu injekta zinazonyunyiza petroli nje ya silinda. Magari mengi ya karibuni, ikiwemo Toyota GR Supra iliyotoka mwaka 2019, hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo la mamia ya bar. Humo muda wa kunyunyiza ni mfupi zaidi, na pampu ya shinikizo kubwa ndiyo ambayo mara nyingi hufikia kikomo kwanza.