Figo Iliyojeruhiwa: Sababu za Kuchelewesha Kisu

Figo za binadamu zimewekwa mahali penye hifadhi kubwa, nyuma kabisa ya tumbo, zikiegemea misuli minene ya kiunoni na kukingwa na mbavu za mwisho, huku kila moja ikizungukwa na mafuta yaliyofungwa ndani ya utando mgumu unaoitwa utando wa Gerota, kwa jina la mwanaanatomia wa Romania aliyeueleza mwishoni mwa karne ya 19. Hata hivyo, katika mfumo wa mkojo hakuna kiungo kinachojeruhiwa mara nyingi zaidi, na uzito wa jeraha lake unatokana na kwamba figo mbili kwa pamoja hupokea takriban moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, yaani karibu lita moja kila dakika.

Utando huohuo ndio unaoeleza kwa nini madaktari wa leo hupasua mara chache kuliko waliowatangulia. Figo ikipasuka kwa pigo la usukani wa bodaboda, kwa kuanguka kutoka mnazini au kwa teke la uwanjani, damu inayovuja hukusanyika ndani ya nafasi ile finyu, ikaganda na kuubana mpasuko hadi uvujaji ukome. Daktari anayeufungua utando kwa pupa huondoa ghafla shinikizo lililokuwa likizuia damu, na figo ambayo ingeweza kupona huishia kutolewa.

Dalili ya kwanza inayotafutwa ni damu kwenye mkojo, iwe inayoonekana kwa macho au inayogunduliwa kwa hadubini pekee. Dalili hii ina manufaa, lakini ni shahidi asiyetegemewa: figo iliyochubuka tu inaweza kuutia mkojo wekundu wa kutisha, ilhali ile iliyokatika mishipa yake mikuu, au iliyotengana na ureta, yaani mrija unaoteremsha mkojo kibofuni, huenda isitoe hata tone la damu. Hali hii ya pili hutokea hasa mwili uliokuwa katika mwendo wa kasi unaposimamishwa ghafla, kwa kuwa figo, iliyoshikiliwa na mishipa yake, huendelea mbele, ateri ikavutwa, ukuta wake wa ndani ukachanika, kisha donge la damu likaziba njia. Kwa sababu hiyo namna ajali ilivyotokea ni sehemu ya uchunguzi, na msamaria aliyemfikisha majeruhi hospitalini huenda akawa na taarifa yenye thamani kuliko kikopo cha mkojo.

Kwa mtu mzima aliyepata pigo butu, mkojo mwekundu, au damu ya hadubini ikiandamana na presha ambayo namba yake ya juu iliwahi kushuka chini ya 90, ni sababu tosha ya kupigwa picha, na ndivyo ilivyo kwa jeraha la kisu au risasi lililo karibu na figo. Watoto huangaliwa kwa uangalifu zaidi, kwani figo zao ni kubwa kwa kulinganisha na miili yao, mafuta yanayozizunguka ni machache, na presha yao inaweza kubaki ya kawaida wakati damu nyingi imeshapotea.

Picha inayotegemewa ni ya sitiskani, inayopigwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa inayoifanya mishipa ing'ae, kwanza wakati dawa imo katika ateri, kisha inapoenea katika nyama ya figo, na tena baada ya dakika 10 hivi, inapokuwa imeingia kwenye mkojo. Picha hii ya mwisho ndiyo huachwa kwa haraka, ingawa ndiyo inayoonyesha vizuri mkojo unaovuja. Ultrasaundi hugundua damu iliyomwagika tumboni, lakini inaweza kuikosa iliyojificha nyuma. Hospitali nyingi za wilaya za Afrika Mashariki, zisizo na sitiskani, huitumia pamoja na kumpima majeruhi mara kwa mara na kumpa rufaa mapema.

Majeraha hupangwa katika madaraja 5, kuanzia mchubuko hadi figo iliyosambaratika, kwa mfumo wa mwaka 1989 uliorekebishwa mwaka 2018. Daraja, hata hivyo, haliamui peke yake, kwa kuwa kinachotangulia ni uimara wa mzunguko wa damu. Mgonjwa mwenye presha thabiti hulazwa, mapigo, joto na himoglobini yake hupimwa kila baada ya saa chache, naye huongezewa damu ikihitajika. Ateri ndogo inayoendelea kuvuja huweza kuzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kutoka kinenani, na mkojo usiokoma kuvuja huelekezwa kibofuni kwa mrija unaowekwa ndani ya ureta. Kisu hubaki kwa yule ambaye presha yake haisimami licha ya kuongezewa damu, au ambaye damu iliyovilia huonekana ikipanuka na kudunda. Na hata hapo, kabla ya figo kutolewa, daktari hujihakikishia kwamba figo ya pili ipo.

Baada ya kupona, figo iliyobanwa na damu iliyoganda au kovu huweza kupandisha presha, jambo ambalo Irvine Page wa Marekani alilionyesha mwaka 1939 kwa kuzifunga figo za wanyama kwa selofani: figo iliyobanwa hupata damu kidogo, ikatoa renini, kimeng'enya kinachoanzisha mfululizo wa kukaza mishipa. Kwa hiyo anayeruhusiwa kwenda nyumbani hupangiwa kupimwa presha kwa miezi kadhaa, kipimo ambacho zahanati ya kijijini hukiweza, na huambiwa arudi hospitalini siku hiyohiyo mkojo ukiwa mwekundu tena, kwa kuwa mshipa uliojifunga vibaya huweza kupasuka hata wiki mbili au tatu baada ya ajali.