Kipanya bila uzi: mukono ndio unachagua, hapana macho

Ndugu wafanyakazi wa biro, na ninyi vijana munaochora plani za mugodi,

Safari hii hatusemi juu ya kofia ya chuma wala ya viatu. Tunasema juu ya kipanya cha ordinatere. Wengi wanaacha kile walichopewa kwa kazi na kuleta cha michezo, kisicho na uzi, chenye kuangaza sawa baa siku ya posho. Je, ni kizuri? Taa hazituambii kitu. Tuulize mukono.

Kwanza pima kwa rula, toka mukunjo wa kifundo cha mukono mpaka ncha ya kidole cha katikati. Mutu wa santimetre 17 na mutu wa santimetre 21 hawatashiba kipanya kimoja. Kisha kishike namna yako ya kila siku. Kuna wenye kulaza kiganja chote. Kuna wenye kukunja vidole kama kucha za kuku. Kuna wenye kugusa kwa ncha tu. Mwenye kulaza kiganja anahitaji mugongo wenye kumujaza mukono. Mwenye kugusa kwa ncha anataka kifupi na chepesi. Kama kidole cha mwisho kinakokota mezani, kipanya ni chembamba kwako. Kama kifundo kinapindama juu ili ufikie vifungo, kirudishe kwa muuzaji siku ile ile.

Uzito nao. Logitech G305, iliyotoka mwaka 2018, ina grama 99 pamoja na jiwe la tochi la AA. Jiwe la kawaida peke yake ni karibu grama 23. Ukitia la lithium, grama 8 hivi zinapungua. G Pro X Superlight ya mwaka 2020 haifiki grama 63, na batri yake inajazwa kwa umeme. (Batri nyingi za namna hiyo zina cobalt. Pengine udongo wa Kolwezi umerudi mezani pako!) Anayeinua kipanya mara nyingi atafurahia chepesi. Lakini anayechora mustari polepole, chepesi sana kinaweza kumukimbia. Mimi sisifu grama peke yake.

Bonyeza kila kifungo mara ishirini bila kupumzika. Kama kidole kinachoka dukani, kitafanya nini saa kumi? Wenye kutumia mukono wa kushoto waangalie zaidi: G305 ina vifungo vya pembeni upande wa kushoto tu, kwa kidole gumba cha mukono wa kuume. G Pro Wireless ya mwaka 2018 inakubali kuhamisha vifungo hivyo pande zote mbili.

Faida ya kukosa uzi ni hii: hakuna kinachovuta mukono, na unaweza kukiweka karibu. Basi kiweke karibu kweli, kiwiko kikae kando ya mbavu. Kipanya cha bei kali kilichotupwa mbali kwenye meza kitakuumiza bega sawa kile cha bure.

Kwa nini musaidizi wa munganga anasumbuka na mambo haya? Ndani ya kifundo kuna njia nyembamba, na mushipa wa fahamu unapita mule. Ukibanwa, kidole gumba, cha shahada na cha katikati vinakufa ganzi, zaidi usiku. Mutu anaamuka na kukunguta mukono. Baadaye kikombe kinamuponyoka. Hatusemi kipanya ndicho mwenye kosa siku zote. Mashine za kutetemeka, sawa ile ya kutoboa majabali, zinaleta ugonjwa huo. Sukari na mimba pia. Ndiyo maana musijinunulie dawa sokoni.

Ganzi ikirudi usiku hata usiku, njoo dispanseri mbele nguvu ya gumba haijapunguka. Na ulete kipanya chenyewe mufukoni, tuone namna unavyokishika.