Fahamu: Minyoo ya mbwa na hatari yake nyumbani

Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mbwa hulinda boma na kufuatana na ng'ombe malishoni. Mnyama akichinjwa, ini au pafu lenye malengelenge ya maji hutupiwa mbwa. Kosa kubwa. Humo mna viluwiluwi vya tegu wa milimita chache tu. Mbwa haonekani mgonjwa, lakini kinyesi chake husambaza mayai, na binadamu akiyameza huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Ogani hizo zichomwe au zifukiwe chini sana.

Minyoo mingine hujionyesha. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa na manyoya yaliyofifia huenda alizaliwa nayo. Apewe dawa ya minyoo tangu akiwa na wiki 2. Fizi nyeupe huashiria safura. Punje kama za mchele mkunduni ni vipande vya tegu anayeenezwa na viroboto, kwa mbwa na paka pia: usipoua viroboto, atarudi.

Prazikwanteli, dawa ileile ya kichocho, huua tegu, si minyoo yote. Mbwa mkubwa apewe dawa ya minyoo kila miezi 3, kwa kipimo cha uzito wake atakachokupa afisa mifugo.