Kioo Kinapojifanya Kitufe

Mnunuzi wa mchele sokoni Kamembe, Rwanda, haanzi na bei. Anazamisha mkono katika gunia la mchele wa Bugarama, anafumba ngumi, kisha anaziachia punje ziteleze kati ya vidole. Mkono wake unajua mchele mkavu unavyopita; ukikutana na unyevu kidogo tu, biashara imekwisha. Mkono haugusi ukiwa mtupu. Unakuja na matarajio, na kila unachohisi unakipima kwayo.

Mwaka 1891 daktari Mfaransa Augustin Charpentier alieleza jambo ambalo wabeba mizigo wa mpakani Rusizi wanaweza kulijaribu leo. Beba vitu viwili vya uzito sawa, kimoja kidogo, kingine kikubwa: kile kidogo kitakuelemea zaidi. Jicho liliuahidi mkono wepesi. Hata mizani ikikuonyesha kwamba ni sawasawa, mkono utashikilia neno lake.

Basi tazama simu, ambako mkono nao huja na matarajio. Ile ya vitufe ina kinundu kwenye 5, na mama anayevuka daraja la mpakani kwenda kuuza Bukavu, Kongo, anaweza kubonyeza *182#, namba ya kutuma pesa kwa simu, bila kuinamisha macho, kidole kikihesabu kutoka kwenye kinundu hicho. Kioo cha simu ya kugusa kimemnyang'anya alama hiyo. Wahandisi wanajaribu kumrudishia kwa mtetemo, na inawezekana: kitufe cha mbele cha iPhone 7, iliyotoka mwaka 2016, hakikubonyea hata kidogo. Kifaa kilichofichwa ndani kilipiga mtikiso mfupi, kidole kikaamini kimebonyeza.

Simu nyingi za bei nafuu hutumia mota inayozungusha kichuma kilichoelemea upande mmoja. Huchelewa kuanza, huchelewa kutulia, na muungurumo wake ni uleule kwa kila jambo. Katika kelele za soko, mtu asiyepata jibu kwa wakati hubonyeza tena, na hapo anachezea mtaji wa siku nzima.

Mimi ningewaomba wanaobuni simu hizi waje kwanza Kamembe, wakae kando ya magunia, watazame mikono. Pesa ikifika, mtetemo uwe mmoja, mzito, wa kutulia, kama sarafu inayowekwa kiganjani. Ikishindikana, uwe mkavu na wa kukwama, kama mlango unaousukuma kumbe una komeo kwa ndani.