Mkata mkonge alipimwa kwa ngwe, mtaalamu wa kompyuta anapimwa kwa jirani yake

KATIKA mashamba ya mkonge ya Muheza, Korogwe na Pangani, kipimo cha kazi hakikuwa siri. Mkataji aliingia mistarini alfajiri na kisu chake, akakata majani ya chini, akaondoa mwiba wa ncha, akafunga matita ya majani 30 na kuyabeba hadi kando ya njia, ambako yalihesabiwa. Akitimiza ngwe yake, siku ilitiwa alama kwenye kadi iliyoitwa kipande. Alama zikifika 30, ndipo mshahara ulipolipwa.

Mfumo huo haukuwa wa huruma hata kidogo. Wakati wa ukoloni vibarua wengi waliletwa kutoka mbali, hasa baada ya wenye mashamba kuanzisha ofisi ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944. Waliitwa manamba, yaani watu wa namba. Aliyepangiwa mistari iliyo mbali na reli ya troli, au yenye majani haba, alitoka jasho zaidi kwa alama ile ile.

Kipimo cha kuhesabu kina udhaifu mwingine ambao kila bwana shamba wa mkonge anaujua. Mkataji anayefukuzia idadi hushawishika kukata hadi majani machanga, na mmea uliokatwa kupita kiasi hudhoofika. Matita ya leo yanaongezeka, mavuno ya kesho yanapungua. Ndiyo maana shamba lililosimamiwa vizuri lilikagua pia kilichobaki kwenye mmea, si kilichofika korona tu.

Hata hivyo, ngwe ilikuwa na jambo moja la haki: haikubadilika kwa sababu jirani amekata maradufu. Kundi zima likitimiza, kundi zima lilitiwa alama.

Katika baadhi ya kampuni kubwa za teknolojia za Marekani mambo ni tofauti. Huko wafanyakazi hupangwa kwa madaraja, na kila daraja hutengewa fungu lake mapema. Mfano maarufu haukutoka kwenye kompyuta bali General Electric, iliyoongozwa na Jack Welch kuanzia mwaka 1981 hadi 2001. Asilimia 20 walihesabiwa kuwa bora, 70 wa kati, na 10 wa mwisho wakawa wa kuondolewa.

Microsoft nayo ilikuwa na madaraja ya namna hiyo kwa miaka mingi. Wakuu wa vitengo walikaa pamoja na orodha zao, kila mmoja akiwatetea watu wake, hadi hesabu ya madaraja itimie. Katika kikao cha namna hiyo, mtu asiyejulikana na wakuu wengine hana mtetezi zaidi ya bosi wake. Kama kundi la watu kumi wote ni hodari, bado lazima apatikane wa kubeba daraja la chini.

Matokeo yake si vigumu kuyakisia. Nani atamfundisha kazi mwenzake ambaye kesho watagombea daraja moja? Nani hodari atakubali kukaa kundi moja na hodari wenzake? Mwandishi Kurt Eichenwald aliandika mwaka 2012 kwamba kila mfanyakazi wa Microsoft aliyemhoji, wa sasa na wa zamani, aliutaja utaratibu huo kuwa ndio ulioiharibu kampuni zaidi. Novemba 2013 Microsoft iliufuta.

Lakini dhana yenyewe haijafa. Januari 2025, Meta, wenye Facebook, walitangaza kuondoa takriban asilimia 5 ya wafanyakazi kwa kigezo cha utendaji duni.

Nchini, watumishi wa umma walipimwa kwa OPRAS kuanzia mwaka 2004, ambapo mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo na mwisho wa mwaka alama zikatolewa kuanzia 1, bora kabisa, hadi 5. Mfumo huo umepisha PEPMIS, unaotumia kompyuta. Wengi walilalamika kwamba OPRAS iligeuka zoezi la kujaza fomu, lakini angalau mtumishi alipimwa kwa malengo yake mwenyewe.

Kwa mwajiri wa Tanga anayevutiwa na mtindo wa Welch, sheria ina neno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na athibitishe. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinauliza kama mfanyakazi alikijua kiwango anachotakiwa kufikia, kama kiwango chenyewe ni cha haki, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kujirekebisha. Kuwa wa mwisho kwenye orodha si jibu la maswali hayo.

Vijana wanaoandika programu za kampuni za nje wakiwa nyumbani Tanga wasome mkataba kwanza. Wengi huandikwa kama wakandarasi huru, si waajiriwa, na hapo ulinzi huo unakuwa mashakani. Aliyeajiriwa ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.